Kijana Aogopaye Usiku
Somo: 1 Samweli 3:1–18

Jioni hii twataka kuzungumza na vijana wetu wa miaka 13 hadi 18, na tungependa wazazi nao wasogeze viti vyao wasikilize. Habari yetu ni ya hofu ya usiku. Mtoto mdogo akiogopa giza, mama humbeba. Lakini kijana akiogopa giza, hunyamaza, maana ameambiwa kwamba yeye sasa ni mtu mzima.

Na tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Mwana wetu alikuwa na miaka 14. Alikuwa amekwisha tahiriwa, naye alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Aliporudi nyumbani kwa likizo ya mwisho wa mwaka 2024, tuliona kwamba taa ya sola ya chumbani mwake haizimwi usiku kucha. Tena tukasikia kwamba akitaka kwenda chooni usiku, humwamsha mdogo wake wa miaka 6 amsindikize. Yule mdogo ndiye aliyeitoa siri hiyo mezani tulipokuwa tukila ugali. Watoto wote wakacheka. Na sisi wazazi, badala ya kuwanyamazisha, tukacheka pamoja nao. Tukamwambia, “Mwanamume mzima asindikizwe chooni na mtoto wa nasari?”

Tangu siku ile hakumwamsha mtu tena, wala hakuwasha taa. Tukashukuru, tukidhani amepona.

Usiku mmoja, yapata saa nane, mbwa alibweka nasi tukatoka nje kutazama. Tukamkuta mwana wetu ameketi mlangoni pa jiko, amejifunika blanketi, ameupa ukuta mgongo. Tukamwuliza, “Wafanya nini hapa?” Akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Hapa namsikia nyanya akikohoa.”

Nyanya yake hulala katika chumba kilichoungana na jiko. Asubuhi tulimweleza, tukidhani hana habari. Akatutazama akasema, “Nilijua yupo. Mbona mwadhani nilikuwa nikikohoa?”

Wapendwa, maneno yale yalituchoma. Mama mzee, ambaye macho yake hayaoni vema tena, alikuwa ameona yale ambayo sisi wenye macho tulikuwa tumeyacheka.

Tulipoketi na kijana wetu bila kicheko, alitueleza mambo yote. Mnakumbuka kwamba mwezi wa Septemba mwaka 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha, kule Nyeri, liliungua usiku, na wavulana 21 wakafa. Habari ile ilifika shuleni kwao. Tangu hapo kila alipolala alihesabu hatua kutoka kitanda chake mpaka mlangoni. Alikuwa akisikia harufu ya moshi mahali pasipo na moshi. Na mlango wa bweni lao ulikuwa ukifungwa kwa kufuli kutoka nje kila usiku. Akaja na hofu hiyo mpaka nyumbani, ikakaa naye gizani.

Basi, je, alikuwa mwoga? La. Alikuwa amebeba peke yake neno ambalo wazee walipaswa kulisikia. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 wataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, wala isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Tulikwenda na wazazi wengine kumwona mwalimu mkuu, na shule ilipofunguliwa Januari kufuli ile haikuwapo tena. Kama tungaliendelea kucheka, ingalikuwapo mpaka leo.

Sasa tufungue somo letu. Samweli alikuwa kijana aliyelala katika hekalu la Bwana kule Shilo, mbali na mama yake. Aliitwa usiku kwa jina lake, akaamka, akamkimbilia mzee Eli. Hatuambiwi kwamba aliogopa giza. Twaambiwa tu kwamba aliposikia sauti asiyoifahamu, hakuvuta nguo akajifunika kichwa. Aliinuka akaenda kwa mtu mzima. Alikwenda mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu.

Nasi twajua makosa ya Eli. Alikuwa baba asiyewazuia wanawe, na Bwana alimhukumu kwa jambo hilo. Lakini usiku ule alifanya jambo moja jema. Mzee yule aliamshwa mara tatu, wala hakusema, “Umezidi kunisumbua.” Alimsikiliza kijana mpaka akatambua kwamba Bwana ndiye anayemwita. Kulipokucha, Samweli aliogopa kumwambia Eli maono yale, maana yalikuwa mazito. Hapo pia Eli alimwita, akamtaka aseme yote asifiche. Na Samweli akasema yote.

Vijana wetu, Mungu hapendezwi na hofu iliyofichwa. Tunataka kuwapa maneno machache ya kushika.

La kwanza, ufahamu mwili wako. Wenye elimu ya mambo hayo watufundisha kwamba mtu aingiapo katika ujana, usingizi wake huchelewa kuja kuliko alipokuwa mtoto. Hata hivyo kijana wa umri wenu huhitaji kulala saa 8 hadi 10. Ndiyo sababu nyumba nzima hulala nawe ukabaki macho. Na gizani, kwa kuwa macho hayaoni, masikio hufanya kazi kupita kiasi. Mabati yakipoa hulia, nawe wadhani ni nyayo za mtu. Mara moyo wapiga mbio na jasho lakutoka. Hiyo si dalili kwamba imani yako imekwisha. Ni mwili ulivyoumbwa kujilinda na hatari, nao wakati mwingine huamka pasipo hatari. Vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, ufanye hivyo mara kumi. Moyo utatulia. Tena usinywe chai nzito wala kahawa usiku, na simu uiweke mbali na kitanda.

La pili, omba kwa maneno machache. Usiku si wakati wa sala ndefu. Taja jina la Yesu, umweleze jambo moja unaloliogopa, ulitaje waziwazi. Wanafunzi wake waliogopa usiku katika chombo, mawimbi yakiwapiga, na Bwana hakuwangoja mpaka asubuhi. Aliwaendea juu ya maji, kungali giza.

La tatu, ndilo kubwa: ondoka, umwendee mtu. Mwambie mama, baba, shangazi, mwalimu au mchungaji. Kama wa kwanza atacheka, mwendee wa pili. Samweli hakuchoka kwenda.

Lipo neno jingine ambalo hatuwezi kuliacha. Wako vijana, wavulana kwa wasichana, ambao hawaogopi giza. Wanamwogopa mtu anayekuja gizani, na pengine ni mtu wa nyumba ile ile, au mtu anayeheshimiwa kanisani. Ewe mwanetu, kama wewe ni mmoja wao, sikia: dhambi ile si yako, ni yake. Kuificha si kuheshimu wazazi. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo, au piga simu nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hailipiwi. Na sisi wakubwa tusiwaambie watoto hao wasali tu na kunyamaza. Eli hakumwambia Samweli anyamaze.

Wazazi wenzetu, mwana akianza kuumwa tumbo kila jioni, akikataa kulala peke yake, akiamka na macho mekundu kila siku, msimkemee. Mwulizeni, kisha mngoje jibu, hata likichelewa. Hofu ikidumu majuma mengi, ikamzuia kula au kusoma, mpelekeni hospitali, kama vile mngempeleka kwa malaria. Mungu hutuponya kwa mkono wa daktari pia.

Mwana wetu angali analala na taa ndogo mara kwa mara, nasi hatumwambii neno. Siku zingine huizima mwenyewe. Na nyanya yake, tukimpelekea chai asubuhi, huuliza kwanza, “Kijana alilala?”

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, wewe husinzii wala hulali. Twawakumbuka mbele zako vijana walio macho usiku huu, nyumbani na mabwenini. Uwape moyo wa kuinuka na kusema. Utusamehe sisi tuliowacheka. Utupe masikio ya kusikia, na subira ya kuamshwa mara tatu. Uwalinde mpaka kupambazuke. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.