Huyu Si Kome



Katika mazungumzo yaliyopita tuliwapitishia picha ya jiwe lenye mabawa. Wengi mlisema ni kome. Nasi tukaitikia upesi upesi, kumbe tumekosea. Leo tumerudi kusahihisha.

Jiwe lile ni mabaki ya mnyama wa baharini. Jina lake la kitaalamu ni Mucrospirifer mucronatus. Aliishi yapata miaka milioni 385 iliyopita, wakati bahari isiyo na kina kirefu ilipofunika sehemu za Amerika ya Kaskazini. Siku hizi mabaki yake huchimbuliwa nchi kavu, huko New York, Ohio na Michigan, Marekani, na Ontario nchini Kanada.

Kome ana magamba mawili, na huyu pia anayo mawili. Hapo ndipo macho yanapotudanganya. Hebu mshike kome: gamba la kushoto na la kulia hufanana kama viganja viwili vilivyokutanishwa. Lakini magamba ya huyu wa kale ni la juu na la chini, wala hayafanani. Moja limeinuka tuta katikati; la pili lina mfereji, na mfereji huo huingia ndani ya lile tuta. Ila ukiligawa gamba moja katikati, toka kwenye bawaba mpaka ukingoni, nusu zake mbili zinalingana. Za kome hazilingani. Bawaba yenyewe ni ndefu, imenyooka, na ncha zake zimechongoka; ndiyo yale mabawa mliyoyaona.

Basi kome yumo katika kundi la Moluska, huyu yumo katika Brakiopoda. Ni ukoo mwingine kabisa! Timothy Conrad wa Marekani aliipa spishi hii jina mwaka 1841, na mwaka 1931 Amadeus Grabau akaitengea jenasi yake, Mucrospirifer. Oda yake huitwa Spiriferida, kwa sababu ndani ya magamba mna vijiti vya chokaa viwili vilivyojisokota kama springi. Vilishikilia kiungo cha kuchujia chakula majini.

Mzee mmoja alituuliza: nyama ilikwisha oza, ya ndani mnayajuaje? Swali zuri sana hilo, kuliko somo letu. Nyama ilioza kweli, lakini chokaa ilibaki. Mtaalamu huyasaga mabaki kidogo kidogo, akichora anachokiona kila hatua, mpaka umbo lote la ndani lijulikane. Kazi ya subira, jamani.

Tena kuna jambo hili. Kome akifa hujiachama, kwa kuwa misuli yake ni ya kufunga tu. Kinachofungua ni ukano ulio kwenye bawaba. Brakiopoda ana misuli ya kufunga na misuli ya kufungua. Akifa, hakuna wa kumfungua. Kwa hiyo mara nyingi mabaki yake huokotwa magamba yote mawili yakiwa yamefumbana.

Picha tumeibandika tena ukutani. Lile neno "kome" chini yake tumelifuta.