Amri na Tamko la Hali: Mwanaisimu Mbele ya Seva



Huenda mtu akauliza mwanaisimu ana shughuli gani na seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Jibu langu ni kwamba seva husanidiwa kwa lugha, na lugha hiyo ina dhamira zake kama ilivyo yetu.

Awali msimamizi wa mifumo alisanidi kila seva kwa mkono, au kwa orodha ya amri zilizotekelezwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 Mark Burgess, akiwa Chuo Kikuu cha Oslo, alibuni CFEngine. Mwaka 2005 Luke Kanies akatoa Puppet. Katika programu hizi msimamizi haorodheshi hatua, bali hueleza hali anayoitaka. Programu huilinganisha na hali iliyopo, kisha hurekebisha tofauti tu.

Sarufi ya Kiswahili inalifafanua jambo hili barabara. Tuchukue tungo mbili: "Ongeza mstari huu katika faili" na "Mstari huu uwemo katika faili." Ya kwanza ni amri, ikitekelezwa mara tatu, faili litakuwa na mistari mitatu inayofanana. Ya pili iko katika dhamira tegemezi. Hata ikirudiwa mara mia, mstari utabaki mmoja. Ndiyo maana Puppet, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukagua seva kila baada ya dakika 30 bila kuiharibu.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tukitafsiri miongozo ya kazi hii na kuita kila sentensi "amri", tunamficha mwanafunzi tofauti hiyo. Atakariri hatua, na ataogopa kurudia kazi ambayo imebuniwa ili irudiwe. Napendekeza "amri" ibaki kwa kinachoagiza tendo, na "tamko la hali" litumike kwa kinachoeleza matokeo.

Hata hivyo, tamko lina hatari yake. Kosa la mkono huiharibu seva moja. Kosa la tamko huzifikia seva zote zinazolifuata. Kwa hiyo ni busara tamko lisomwe na jicho la pili, kisha lijaribiwe kwenye seva chache kwanza. Anayefundisha kuandika kwa usahihi ana nafasi katika kazi hii, na istilahi zake tuziunde pamoja na wanaoitenda.