Ni Meno Tu

Wiki ya afya ya kinywa na meno imepita, Machi 20 imepita, hotuba mmezisikia. Mmeambiwa mswaki asubuhi na usiku, mmeambiwa mpunguze pipi na soda, na waliojaliwa wamerudi nyumbani na fulana na kofia. Hatuna ugomvi na mswaki. Tunayemfikiria sisi ni yule asiye na hata jino moja la kupigia mswaki huo: mtoto wa miezi sita au saba, fizi zimemvimba, udenda umemlowesha kifua, kidole hakimtoki mdomoni, na nyumba nzima imeshakubaliana juu ya maradhi yake kabla yeyote hajamgusa paji la uso. Ana homa? Ni meno tu. Anaharisha? Ni meno tu. Ametapika usiku kucha? Ni meno tu. Katika hotuba zote hizo hatukusikia mtu akiyagusa maneno haya matatu, nayo kwa maoni yetu ni hatari kuliko pipi zote za dukani.

Jino linapotoka, ufizi huuma. Hilo hatulikatai, na mama anayesema mwanawe anasumbuka hajazua. Mwaka 2000 madaktari wa Cleveland, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 125 ambao wazazi wao waliandika kila siku dalili walizoziona, na joto la mwili walilipima mara mbili kwa siku, mpaka yakahesabika meno 475. Walikuta kwamba kuanzia siku nne kabla ya jino kuchomoza hadi siku tatu baada yake, mtoto hung'ata kila kitu, hutoa udenda zaidi, hujisugua fizi na masikio, huwa na hasira, hukataa vyakula vigumu, na joto lake hupanda kidogo. Kidogo. Homa kali haikuonekana kuwa kazi ya jino. Kuharisha hakukuonekana. Kutapika hakukuonekana. Kukohoa hakukuonekana. Na hata hizo dalili ndogo, hakuna moja iliyowapata zaidi ya asilimia 35 ya watoto waliokuwa wakiota meno. Kwa hiyo hakuna "ugonjwa wa meno" wenye sura moja, ambao jirani anaweza kuutambua kwa kumwangalia mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake.

Tutajibiwa kwamba bibi zetu hawakuhitaji utafiti wa Marekani. Waliona kwa macho yao kwamba mtoto akiota meno anaharisha. Waliona kweli, na tunawaheshimu kwa walichokiona. Lakini hesabu inatuambia kingine. Meno ya utoto ni 20. Huanza kuchomoza karibu na mwezi wa 6 na kumalizika mtoto akikaribia miaka 3. Ukilipa kila jino siku zake nane unapata siku 160, na hata ukipunguza kwa kuwa mengine hutoka mawili mawili, katika umri huo haukosekani ugonjwa wa kulisingizia jino fulani. Umri huohuo kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inapungua, uji unaanza, kikombe na kijiko vinaanza, mtoto anatambaa, anaokota, anatia mdomoni. Ukitaka kulishtaki jino, lishtaki kwa hilo la mwisho: ufizi unamuwasha, naye anatafuna chochote alichokiokota sakafuni. Kilichomharisha ni uchafu uliokuwa kwenye hicho alichokitafuna. Tena kwa ratiba ya chanjo tuliyoizoea hapa Tanzania, baada ya zile za wiki ya 14 inayofuata ni ya surua na rubella, akifika miezi 9. Katikati hapo hakuna sindano ya kumvuta mama kliniki, na katikati hapohapo ndipo jino la kwanza linapotoka. Pengo hilo halijazibwa kwa fulana wala kofia.

Kibaya zaidi ni kwamba lawama ikishatua kwenye jino, atatokea mtu wa kuling'oa. Tangu miaka ya 1980 tunaishi na hadithi ya meno ya nailoni, au meno ya plastiki kama wengi mnavyoyaita. Jirani zetu wa Uganda huyaita ebino. Mtoto ana homa na anaharisha, mtaalamu wa mtaani anamfungua mdomo, anaonyesha uvimbe pale linapojiandaa jino la chonge, anachokonoa kwa spoku ya baiskeli, kwa kisu, kwa chochote chenye ncha, kisha anatoa kitu cheupe, laini. Tazama, plastiki! Kitu hicho ni jino la mtoto lenyewe, changa, ambalo halijakomaa likawa gumu. Na uvimbe ule ni wa kawaida, kila mtoto anao. Mtoto anaachwa na kidonda kinachoweza kumtia pepopunda, sumu kwenye damu, au virusi ikiwa spoku ile imetoka mdomoni mwa mwenzake. Akinusurika, chonge la ukubwani linaweza kutoka limepinda au lisitoke kabisa. Mtasema: mbona wapo waliochokonolewa na kuharisha kukakoma? Kukakoma, ndiyo, kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache, spoku au bila spoku. Waliopona husimulia mtaa mzima. Waliozikwa hawana wa kuwasimulia, maana hata matangani watu huambiana kwamba yalikuwa meno.

Na mtu asidhani huu ni ujinga wa Kiafrika. England na Wales, katika takwimu za vifo za mwaka 1839, watoto 5,016 waliandikwa kuwa wameuawa na kuota meno. Wazungu walichana fizi za watoto kwa visu vya daktari kwa karne kadhaa. Waliwalambisha unga wa meno wenye zebaki mpaka mwaka 1954, wenye viwanda walipoiondoa, baada ya watoto kuugua na kufa kwa sumu yake. Waliunganisha meno na vifo, wakatengeneza dawa, na dawa ndiyo iliyoua. Kosa hilo halijazeeka. Nigeria, mwishoni mwa mwaka 2008, dawa ya maji ya kutuliza meno iliyoitwa My Pikin ilichanganywa na diethilini glaikoli, sumu ya viwandani. Watoto zaidi ya 80 walikufa, figo zimekataa kufanya kazi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka jeli za fizi zenye benzokeini zisiuzwe tena kwa watoto chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kuinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni. Miaka minne kabla yake ilikuwa imeonya juu ya lidokeini, ganzi nyingine. Na faida ya jeli hizo ni nini? Mate ya mtoto huziosha ndani ya dakika chache, mama akapaka tena, na tena. Mwenye duka la dawa anayezitoa bila kuuliza umri wa mtoto anajua kwamba hakuna atakayemuuliza yeye.

Basi mama afanye nini saa nane za usiku, mtoto analia, na kesho kuna shamba au kazi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni rahisi kiasi cha kudharauliwa. Nawa mikono kwa sabuni, msugue ufizi kwa kidole taratibu lakini kwa kukaza. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, akitafune huku umekishika. Maji hayo yakikaa mtungini yanatosha, friji si lazima, na cha kugandishwa kama barafu kinaumiza fizi. Mfute udenda kidevuni na shingoni kabla ngozi haijachubuka. Mnyonyeshe. Maumivu yakizidi, parasetamoli ya watoto ipo, kwa kipimo cha uzito wake kutoka kwa muuguzi au mfamasia, si kwa kijiko cha chai cha kukisia. Asali hapana kabla ya kutimiza mwaka, aspirini hapana, kipande cha karoti mbichi hapana kwa kuwa kinakaba, mkufu wa shingoni hapana kwa sababu hiyohiyo. Hayo ndiyo yote yanayohitajika kwa jino. Yakihitajika zaidi ya hayo, huenda si jino.

Wapo watakaotukumbusha kuwa zahanati iko mbali, nauli hakuna, na ukifika unaambiwa dawa zimekwisha. Ni kweli, na ni aibu, kwa sababu sera ya serikali inasema matibabu ya watoto chini ya miaka 5 katika vituo vyake ni bure. Fedha za fulana na kofia zingenunua vipimo vingi vya malaria. Lakini umbali wa zahanati ndio unaotutaka tuwahi. Anayekaa karibu anaweza kujaribu bahati yake, anayekaa mbali hawezi. Malaria inaweza kumbadilisha mtoto mchanga kati ya asubuhi na jioni. Kuharisha humkausha kwa siku moja. Maji ya ORS yanaanza nyumbani, zinki inafuata, safari inafuata. Anayesubiri jino litoke ndipo aone kama homa itashuka anaweka rehani kitu kisichokombolewa.

Kwa hiyo tunasema, na tutarudia mpaka mtuchoke. Akina mama, joto likifika nyuzi 38, si meno. Akina baba, mnaosema ni meno tu mkageukia ukutani mkalala, si meno. Mabibi, tunawaombeni nyinyi hasa, kwa kuwa neno lenu ndilo linalosikilizwa ndani ya nyumba: likomesheni hili. Wauguzi, dakika mbili kwenye mizani ya kliniki zinatosha kumwambia mama wa mtoto wa miezi mitano nini kinakuja na nini hakiji. Wenye maduka ya dawa, ulizeni umri kabla ya kupokea pesa. Wachokonoaji wa meno ya plastiki, viongozi wenu wa mitaa wanawajua kwa majina, na sisi tunawauliza viongozi hao wanangoja nini. Nanyi waheshimiwa wa wizara, mwakani Machi 20 itakuja tena; acheni fulana, acheni kofia, mpeni kila muuguzi kipimajoto kinachofanya kazi.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa na mtoto mapajani, mguse paji la uso sasa hivi. Akiwa anachemka, mpeleke akapimwe leo.