Kompyuta Ikisema Maji Yatafika Hapa, Tuiulize Nini?

(Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa Thika na Ruiru)



Swali linaloulizwa sana kuhusu ramani za mafuriko ni hili: mtu aliyeketi ofisini na kompyuta amejuaje kwamba maji yatafika kwenye ploti yangu? Ni swali la haki. Ramani kama hiyo inaweza kumfanya mtu ahame au asijenge. Basi ni lazima tujue imepimwaje.

Tuchukue Bwawa la Thika, kule Ndakaini, Murang'a. Lilikamilika mwaka wa 1994, na likijaa lina maji mita za ujazo milioni 70. Yakitoka, hufuata Mto Thika kuja upande wetu. Sisemi kwamba bwawa hilo ni bovu. Nasema hakuna mhandisi anayeweza kulibomoa ili aone maji yatafika wapi. Na tangu bwawa la Solai, Nakuru, lipasuke tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40, tunajua hatuwezi kungoja tuone. Kwa hivyo wataalamu hutengeneza mfano kwenye kompyuta.

Mfano huo hupitia mitihani miwili. Wa kwanza ni uhakiki: je, programu inapiga hesabu sawasawa? Hupewa swali rahisi ambalo jibu lake linajulikana kwa kalamu, kama maji yanayoachiliwa kwenye mtaro ulionyooka. Maji yaliyoingia lazima yalingane na yaliyotoka pamoja na yaliyobaki.

Mtihani wa pili ni uthibitisho: je, hesabu hiyo inafanana na mto wenyewe? Programu inaweza kupiga hesabu bila kosa, na bado ikawa inahesabu mto usiokuwepo.

Huko Ufaransa, bwawa la Malpasset lilipasuka tarehe 2 Desemba 1959, na zaidi ya watu 400 wakafa. Baadaye polisi walipima alama zilizoachwa na maji bondeni. Transfoma za umeme zilizoharibiwa zilionyesha saa ambayo wimbi lilipita. Mwaka wa 1964 wahandisi walijenga mfano mdogo wa bonde hilo, uliopunguzwa mara 400, wakamwaga maji na kupima tena. Vipimo hivyo vimetumika miaka mingi kupima programu za mafuriko.

Sasa turudi nyumbani. Ruiru ya jana ilikuwa mashamba ya kahawa. Udongo ulikunywa mvua. Leo kuna paa za mabati, lami na kabro, na maji hukimbilia mtoni upesi. Mfano uliolinganishwa na mto wa wakati wa kahawa haujathibitishwa kwa Ruiru ya leo. Vilevile, mfano uliofaulu kwenye mvua ndogo haujafaulu kwenye kubwa.

Kwa hivyo, mkiletewa ramani katika baraza, ulizeni mambo matatu. Imelinganishwa na mafuriko gani ya kweli, ya mwaka gani? Mafuriko hayo ni yale yale yaliyotumiwa kuirekebisha, au ni mengine? Na mstari huu unaweza kukosea kwa mita ngapi? Mtaalamu mwaminifu hatakasirika. Anayesema mfano wake haukosei kamwe, mwulizeni tena.

Nanyi mna kazi. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Kama maji yaliacha alama ukutani kwako, usiipake rangi kabla ya kuipiga picha. Andika tarehe, saa na kimo kutoka sakafuni, kisha umpelekee chifu au msimamizi wa wadi. Usiyafuate maji yakiwa bado yanapita, ngoja yapungue.

Alama hiyo ndiyo itakayotuambia kama kompyuta imesema kweli, kabla hatujamwambia jirani yako ahame, au abaki.