Kuacha Kazi ya Uhakika kwa Ajili ya Familia zenye Selimundu



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kazi na wito. Tungependa kueleza habari ya binti mmoja wa parokia yetu, mhasibu wa benki kwa miaka tisa, aliyetujia kutaka shauri. Anao mshahara wa uhakika, bima ya matibabu, mafao ya uzeeni na nyumba ya mkopo. Anataka kuviacha akasomee uuguzi, ili hatimaye awe mshauri wa familia zenye magonjwa ya kurithi, hasa selimundu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba amerogwa, nasi kwa kweli tulielekea kukubaliana nao.

Ndipo alipotusimulia habari za wifi yake, aliyerudishwa kwao baada ya kufiwa na mtoto wa pili. Ukoo ulisema ana mkosi. Watoto wote wawili waliugua selimundu, wala hakutokea mtu wa kumweleza yule mume kwamba mtoto haupati ugonjwa huo kwa mama peke yake.

Aliyerithi kasoro hiyo ya damu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima, na huenda asijue kamwe kuwa anayo. Hata hukingwa kwa kiasi na malaria kali, na ndiyo sababu kasoro hiyo imeenea sana katika nchi zetu. Wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Na kila mimba huanza hesabu upya: kuugua kwa wa kwanza hakumkingi wa pili. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Akigunduliwa mapema, akapewa penisilini na chanjo, mtoto huyo ana tumaini kubwa zaidi la kukua.

Sisi tumewafundisha wachumba kwa zaidi ya miaka kumi na mitano bila kukitaja kipimo hiki hata mara moja. Tumewazika watoto wa ndoa tulizozibariki kwa mikono yetu.

Kazi anayoitaka si ngeni. Huko Marekani, Sheldon Reed aliipa jina mwaka 1947, na mwaka 1969 Chuo cha Sarah Lawrence, jimboni New York, kilianza kuifundisha kama taaluma. Mshauri haamui nani amwoe nani. Hueleza, husikiliza na hutunza siri. Hilo la siri tunalitilia mkazo, maana majibu ya damu yakifika masikioni mwa ukoo, atakayeitwa mwenye kasoro ni msichana.

Tulimwuliza ni nani atakayemwajiri kwa jina hilo. Alijibu kwamba hajui; ataajiriwa kama muuguzi, na ushauri ataufanya humohumo kliniki.

Barua ya kuacha kazi ameiandika. Tumemsihi asiikabidhi kabla ya kumaliza deni la nyumba, yaani miezi minne, naye amekubali. Karo ya miaka mitatu imo katika ajenda ya halmashauri ya parokia ya mwezi ujao. Wenye pingamizi waje waliseme pale, naye akiwapo.