Vifuko vya Nondo Kwenye Migunga: Jihadhari Wakati wa Kiangazi



Leo tuzungumze juu ya nondo wa hariri wa porini, ambaye wataalamu humwita Gonometa. Anaishi kwenye nyika zenye migunga, kuanzia Mwingi nchini Kenya hadi Botswana na Namibia.

Maisha yake yana hatua 4. Nondo jike hutaga mayai. Yai huangua kiwavi mwenye manyoya, anayekula majani ya mgunga. Kiwavi akikomaa hujifungia kwenye kifuko kigumu cha hariri juu ya tawi, na humo hugeuka pupa. Pupa anaweza kungoja kiangazi chote. Mvua zikirudi, nondo hutoboa kifuko na kutoka. Yeye hali kitu; huishi siku chache, hupandana, hutaga na kufa. Kifuko kitupu hubaki mtini au huanguka.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Nyasi zikiisha, ng'ombe na mbuzi huokota matunda ya mgunga, na vifuko humo humo. Hariri haisagiki tumboni. Nyuzi hujisokota zikawa bonge, bonge likaziba njia ya chakula. Mnyama hufa kwa njaa huku tumbo limejaa. Huko Botswana ng'ombe wamekufa hivyo.

Dalili ni hizi: mnyama anaacha kula, hacheui, anakonda, na ubavu wa kushoto umejaa. Usimnyweshe mafuta wala soda kwa nguvu; vinaweza kuingia kwenye mapafu. Mwite mtaalamu wa mifugo mapema, kwani bonge kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji.

Kinga ni rahisi zaidi:

1. Kabla ya kutikisa mgunga ili mifugo ipate matunda, kagua matawi.
2. Okota vifuko vilivyoanguka, uvifukie shimoni.
3. Vaa glavu au funga mkono kwa kitambaa, maana manyoya ya kiwavi hubaki kwenye kifuko na huchoma ngozi. Watoto wasivichezee.
4. Waonyeshe wachungaji kifuko kimoja, wakitambue.

Msimchukie nondo huyu. Kule Mwingi wanavijiji wamefundishwa kukusanya vifuko vilivyokwisha kutobolewa na kusokota uzi wa hariri. Kifuko kilichokuwa hatari kwa ng'ombe huleta fedha nyumbani, na malisho hubaki salama.