TAARIFA YA TAWI: MTAJI WETU UNAKWENDA WAPI?

Kwa waliokosa kikao cha Jumapili, haya ndiyo maneno ya Kamati yaliyosomwa pale.

Ndugu zetu, biashara zetu hazifi kwa kukosa wateja. Saa saba mchana vibanda vya chakula vimejaa, jioni mwenye kibanda hana hela ya mchele wa kesho. Inakwenda wapi?

Kwanza, kausha damu. Chukua mfano: umekopa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Umelipa 130,000. Na kwa kuwa marejesho yanaanza kesho yake, mtaji unapungua kabla haujazunguka. Kama faida yako ni 6,000 kwa siku, unabaki na 1,000 ya kulisha watoto. Mvua ikinyesha siku mbili, wanakuja kubeba masufuria.

Pili, madeni. Hapa tuseme ukweli: baadhi yetu viongozi tunakula na kusema "andika", na mama lishe anaona haya kutudai. Kamati imeazimia kila kiongozi anayedaiwa alipe kabla ya Ijumaa.

Tatu, hela ya biashara na ya nyumbani zinakaa pochi moja, bila daftari. Hatujui kama tunapata au tunakula mtaji.

Njia nyingine ipo. Kisheria kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kinachotakiwa ni kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Kadi ya chama haihitajiki, ya kwetu wala ya wengine. Mtu akikuomba "ya soda" ili jina lipite, tuleteeni taarifa.

Lakini nayo ni deni. Tusiporejesha, tunamziba jirani anayesubiri zamu yake.

Jumamosi saa 10 jioni tukutane ofisi ya tawi tuunde vikundi, kisha twende pamoja kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Njoo na kitambulisho na daftari, hata kama ni jipya.

Mtumie na jirani asiye mwanachama.

Kamati ya Tawi